Leza Haioni: Namna ya Kuweka Kipande cha Kazi Mahali Pake

Mashine ndogo za kuchonga kwa mwanga wa leza siku hizi zinauzwa kwa bei ambayo kikundi cha watu kumi kinaweza kuchangia. Zimeingia katika karakana za vijana, katika maduka ya kuandika vibao, na hata nyumbani kwa watu ambao hufanya kazi hii jioni wakitoka shambani au kazini. Mashine hizi huchoma jina, picha au maandishi juu ya mbao, ngozi, katoni na aina kadhaa za plastiki. Makala hii haifundishi namna ya kununua mashine wala namna ya kuchora kwa kompyuta. Tunataka kuzungumza juu ya jambo moja tu: kukiweka kipande mahali pake, ili maandishi yaingie pale pale ulipokusudia.

Mtu anaweza kufikiri ni jambo dogo. Basi tuseme familia imekuletea msalaba wa kaburi siku ya Alhamisi jioni, na mazishi ni Jumamosi. Seremala ameshaukata, ameupiga randa na msasa, na uko mmoja tu. Ukichoma jina la marehemu likaenda upande milimita nane, au likainama kama paa la kibanda, hakuna raba ya kufuta mbao iliyoungua. Ukijaribu kupiga msasa mpaka alama iishe utatoboa bonde katikati ya msalaba. Familia wataona. Labda hawatasema neno siku hiyo, lakini wataona, na kila wakienda kupalilia kaburi wataona tena.

MASHINE INAHESABU TU

Leza ya kwanza duniani iliwashwa mwaka wa 1960 na Theodore Maiman huko California, Marekani. Ile ya rangi ya buluu, ambayo ndiyo iko katika mashine nyingi ndogo za leo, ilitengenezwa na Shuji Nakamura huko Japani katika miaka ya 1990. Lakini mwanga wenyewe si shida yetu leo. Shida yetu ni miguu inayoubeba.

Kichwa cha leza huvutwa na mota kwa mikanda yenye meno, mmoja wa kwenda kushoto na kulia, mingine ya kwenda mbele na nyuma. Mota hizi hazizunguki ovyo kama za feni. Zinakwenda kwa hatua ndogo ndogo, na mashine nyingi zimepangwa hatua 80 kwa kila milimita. Kompyuta ikisema "nenda kulia milimita 100", mota inapiga hatua 8,000 na kusimama. Kwisha. Mashine haina jicho. Haijui kama chini yake kuna mbao ya mvule, sahani ya zawadi au meza ya mama ya watu.

Kwa hiyo unapopanga kazi una vitu vitatu mkononi: mchoro ulio kwenye kioo cha kompyuta, hesabu iliyo kichwani mwa mashine, na kipande kilicho kitandani. Kazi yako ni kuvifanya vikubaliane. Kimoja kikikataa, vile viwili vingine haviwezi kukusaidia.

Anza na hesabu. Mashine huanzia kuhesabu kutoka sifuri, na swali ni sifuri iko wapi. Kuna mashine zenye swichi ndogo kwenye kona. Ukiziwasha na kubonyeza amri ya kurudi nyumbani, kichwa kinatambaa polepole mpaka kinagusa swichi, na hapo ndipo sifuri, leo, kesho na mwezi ujao. Kama yako ina swichi, irudishe nyumbani kila unapoiwasha. Mashine nyingine hazina swichi. Hizo, mahali popote kichwa kilipokuwa wakati wa kuwasha stima, hapo ndipo zinaita sifuri. Ukiwasha kichwa kikiwa katikati ya kitanda, mashine inaamini katikati ni kona, na itajaribu kwenda mahali ambapo hakuna reli. Utasikia mota zikilia gara-gara-gara na mikanda ikiruka meno. Dawa yake ni kuzima stima, kusukuma kichwa kwa mkono polepole mpaka kona ya mbele kushoto kikagonga fremu, kisha kuwasha. Usisukume kwa haraka, kwa sababu mota ikizungushwa kwa nguvu huzalisha umeme na kuurudisha kwenye kadi ya mashine.

Kisha kuna programu. Wengi hutumia LaserGRBL, ambayo ni ya bure, au LightBurn, ambayo hulipiwa. Nitatumia maneno ya LightBurn kwa sababu ndiyo yenye mambo mengi ya kuchanganya mtu. Pale pameandikwa Start From utaona njia tatu. Absolute Coords maana yake picha ya kitanda kwenye kioo ni kitanda chenyewe: mchoro ukiwa milimita 50 kutoka kona kwenye kioo, utachomwa milimita 50 kutoka kona kwenye mashine. Njia hii haifai kama sifuri yako haiaminiki. Current Position maana yake ni "anzia hapo kichwa kilipo sasa hivi". User Origin ni mahali ulipochagua wewe na kuhifadhi.

Ukichagua mojawapo ya hizo mbili za mwisho, kuna nukta tisa zilizopangwa kama mraba, zinaitwa Job Origin. Hizo ndizo huuliza: ni sehemu gani ya mchoro iwekwe pale kichwa kilipo? Ni kona, ni katikati ya ukingo, au ni kitovu? Hapa watu wengi huanguka. Umeleta kichwa kwenye kona ya kushoto ya mbao, lakini nukta iliyochaguliwa ni ile ya katikati. Mchoro wa upana wa milimita 120 utatapakaa 60 kushoto na 60 kulia, na nusu ya jina itachomwa nje ya mbao. Zoea kutazama nukta hizo kabla ya kila kazi, kama vile dereva wa matatu anavyotazama kioo cha pembeni.

Kwa maoni yangu, kipande kimoja kilicholetwa na mteja kipangwe kwa Current Position na nukta ya katikati. Vipande vingi vinavyofanana vipangwe kwa Absolute Coords pamoja na kalibu, ambayo tutaieleza.

MACHO KWANZA

Kabla hatujafika kwenye nukta, tuseme juu ya macho. Katika kupanga kipande unainama karibu na kichwa cha leza, tena leza ikiwa imewashwa kwa nguvu ndogo, na hapo watu hujidanganya kwamba nguvu ndogo haidhuru. Jicho hukusanya mwanga huo kwenye nukta ndogo kabisa kwa nyuma, na pakiungua hapaponi. Vaa miwani iliyotengenezwa kwa mwanga wa leza yako. Leza ya buluu ina urefu wa wimbi karibu nanomita 450, na miwani yake mara nyingi ni ya rangi ya machungwa. Leza ya gesi ya kaboni ina nanomita 10,600, kwa hiyo miwani ya hii si ya ile. Miwani ya jua ya sokoni haikingi kitu. Watoto wasikae karibu, na kama mnafanyia kazi katika ukumbi wa kanisa, fungeni mlango.

Sasa kuna taabu moja ambayo vitabu vya maelezo haviitaji sana. Ukivaa miwani inayofaa, ile nukta ya buluu huioni vizuri! Miwani inafanya kazi yake ya kuzuia. Ndiyo maana mafundi wavivu huivua "kidogo tu" wakati wa kupanga. Usifanye hivyo. Bandika tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, juu ya mbao. Piga leza nukta moja fupi ambayo itaacha alama ndogo ya kuungua kwenye tepu. Zima leza, vua miwani, angalia alama iko wapi. Sogeza, vaa miwani, piga tena. Inachukua dakika tatu zaidi. Tepu hiyo pia itazuia moshi usichafue mbao wakati wa kazi yenyewe.

Ukiwa umeshainama hapo, hakikisha pia unachochoma si plastiki ya PVC. Jalada za Biblia za reksini, zile zinazofanana na ngozi, nyingi zina PVC ndani yake. Ikiungua inatoa gesi yenye klorini ambayo huumiza mapafu na kulisha kutu mashine yako. Mteja akileta jalada na hajui ni kitu gani, mrudishie.

UREFU, KISHA NUKTA NYEKUNDU

Weka urefu wa kichwa kabla ya kupanga, wala si baada. Mashine huja na kipande cha kupimia cha chuma au plastiki. Kinawekwa juu ya mbao, kichwa kinashushwa mpaka kikiguse, skurubu inakazwa, kipande kinatolewa. Urefu ukiwa sawa, mwanga unakutana kwenye nukta ndogo na mistari inatoka myembamba.

Sababu ya kufuata utaratibu huo ni hii. Mashine nyingi zina taa nyekundu ndogo ya kuonyesha mahali, na taa hiyo haitoki kwenye lenzi. Imekaa pembeni na kutupa mwanga wake kwa mshazari. Kwa hiyo ukipandisha au kushusha kichwa, nukta nyekundu inahama hata kama hujagusa kitu kingine. Chukua kibao cha kutupa, weka urefu, piga nukta moja ya leza yenyewe, kisha washa taa nyekundu na upime kwa rula umbali kati ya alama na wekundu, kulia na mbele. Programu ina mahali pa kuandikia tofauti hiyo. Kama hutaki kuiandika, achana na taa nyekundu kabisa ukatumie nukta za tepu. Taa nyekundu ambayo haijapimwa ni mbaya kuliko kukosa taa.

Angalia pia kichwa kimesimama wima. Weka guni kando yake. Kama kichwa kizima pamoja na mlingoti wake kimeinama digrii 3, ukikipandisha milimita 20 kwa ajili ya mbao nene, nukta itahama karibu milimita 1.

JE, MASHINE YENYEWE IMENYOOKA?

Mafundi wa nyumba wanajua hesabu ya 3-4-5. Wakipima msingi hufunga kamba futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, na kama kona ni sawa, kamba ya mshazari lazima iwe futi 5. Hesabu hiyo hiyo itumie kwa leza. Bandika katoni kitandani. Piga nukta tatu: ya kwanza kwenye kona, ya pili milimita 240 kulia kwake, ya tatu milimita 320 nyuma ya ile ya kwanza. Sasa pima kutoka ya pili hadi ya tatu. Inatakiwa iwe milimita 400.

Ikiwa ni 403 au 397, boriti inayobeba kichwa imekaa kombo, na kila mraba utakaochoma utakuwa na sura ya barua iliyosukumwa upande. Huwezi kupanga kipande kwenye mashine ya namna hiyo. Ukinyoosha ukingo wa chini, ukingo wa kando utakataa. Zima stima, legeza mkanda wa upande mmoja, sukuma boriti mpaka miisho yake yote miwili igonge fremu kwa pamoja, kaza mkanda, kisha rudia kipimo.

Ukiwa na katoni hiyo hiyo, pima na zile pande mbili zenyewe. Kama uliamuru 240 na rula inasema 237, hatua za mota hazijapangwa sawa. Chukua hatua zilizopo, zidisha kwa kile ulichoamuru, gawanya kwa kile ulichopata: 80 mara 240 gawanya kwa 237, unapata 81.01. Namba hiyo ndiyo unayoandika kwenye mashine badala ya 80. Lakini kwanza hakikisha mkanda haujalegea, maana mkanda uliolegea hausikii hesabu.

NJIA YA KATONI

Hii ndiyo njia ninayoipenda kwa kipande cha mstatili kilicho kimoja tu, na haitaki kamera wala kifaa chochote cha kununua.

Pima kipande chako kwa rula nzuri. Tuseme ni milimita 180 kwa 90. Kwenye kompyuta chora mstatili wa ukubwa huo huo, kisha panga maandishi yako ndani yake kama unavyotaka yakae kwenye mbao. Mstatili uwe katika rangi ya peke yake ili uweze kuuzima baadaye. Bandika katoni kitandani kwa tepu, pembe zote nne, isicheze. Amuru mashine ichome mstatili peke yake juu ya katoni, kwa nguvu kidogo, alama tu. Sasa umepata nyumba ya mbao yako. Iweke ndani ya mistari, pandisha kichwa kulingana na unene wa mbao, zima ule mstatili kwenye kompyuta, wacha maandishi, na uchome.

Kwa nini njia hii ni nzuri? Kwa sababu hukumwuliza mtu sifuri iko wapi. Mashine iliyochora nyumba ndiyo itakayochoma maandishi, na kama imekosea, imekosea mara mbili kwa namna moja. Masharti ni mawili tu. Kati ya kuchora na kuchoma usizime stima, na usikiguse kichwa kwa mkono. Na kama unatumia Current Position, kirudishe kichwa pale pale kilipoanzia, maana mashine nyingine zikimaliza kazi huenda zake mahali pengine. Kwa hiyo User Origin ni salama zaidi hapa.

Kabla ya kuchoma bonyeza kitufe cha Frame. Kichwa kitazunguka mipaka ya mchoro bila kuchoma, na wewe utaona kama kinapita ndani ya mbao pande zote. Kitazame mzunguko mzima, si kona ya kwanza tu. Wengine hubonyeza huku wakiongea na simu.

MSALABA, NA VITU VISIVYO NA PEMBE SAWA

Kazi ya mkono haina pembe za kiwandani. Seremala wetu ni hodari, lakini mkono wa msalaba unaweza kuwa upana wa milimita 92 mwisho mmoja na 95 mwisho wa pili. Ukipanga kwa ukingo wa juu, maandishi yatafuata ukingo wa juu na kuukimbia wa chini, na jicho la mtu huona upesi sana. Kwa vitu vya namna hii sahau kingo. Tumia mstari wa katikati.

Bandika tepu ya karatasi kwenye mkono wa msalaba. Karibu na mwisho wa kushoto pima upana, weka alama ya penseli katikati yake. Fanya hivyo tena karibu na mwisho wa kulia. Unganisha alama mbili kwa rula. Huo ndio mstari wako. Kisha weka alama nyingine pale mstari wa nguzo unapokata mstari wa mkono. Hapo ndipo kitovu cha jina.

Sasa leta kichwa kwenye mwisho wa kushoto wa mstari, piga nukta. Endesha kichwa kulia milimita 200 kwa vitufe vya kompyuta, si kwa mkono, halafu piga nukta ya pili. Kama zote mbili zimeangukia kwenye mstari wa penseli, msalaba umelala sambamba na mashine. Kama ya pili imeanguka milimita 2 juu ya mstari, zungusha msalaba kidogo, bandika kipande kipya cha tepu, rudia. Ukimaliza, bana msalaba kwa jiriwa au uzibe pande zote kwa vibao vizito, leta kichwa kwenye kitovu, chagua nukta ya katikati, bonyeza Frame, choma.

Je, msalaba ni mkubwa kuliko mashine? Mashine nyingi za aina hii ni fremu tupu isiyo na sakafu. Ondoa bati la chini ukainyanyue mashine yenyewe na kuiweka juu ya msalaba, miguu yake ikikaa kwenye vibao vya urefu mmoja. Hapo badala ya kuzungusha msalaba utazungusha mashine, lakini nukta mbili ni zile zile.

LightBurn ina njia ya kufanya hesabu hiyo badala yako, inaitwa Print and Cut. Unaweka alama mbili kwenye mchoro, unaleta kichwa kwenye alama mbili kama hizo juu ya mbao, na programu inauzungusha mchoro ufuate mbao. Ni nzuri kwa kitu kizito ambacho hakigeuki. Itakuuliza kama ubadilishe ukubwa wa mchoro pia. Chagua usibadilishe, usije ukapata jina lililonenepa.

Jambo lingine ambalo si la mashine: mwombe mtu wa familia aandike jina na tarehe kwa mkono wake kwenye karatasi, na kabla ya kuchoma muonyeshe kioo cha kompyuta asome mwenyewe herufi kwa herufi. Wenye msiba wamechoka, na simu za kupokezana husema mambo tofauti.

VIPANDE HAMSINI

Shule imeagiza vibao 50 vya zawadi. Hapa usipange kimoja kimoja. Tengeneza kalibu. Chukua plaiwudi ya milimita 3 au katoni ngumu, ifunge kitandani isisogee, kisha uamuru leza yenyewe ikate matundu ya umbo la kibao, sita au nane kwa pamoja. Mchoro wa matundu uhifadhi kwenye kompyuta mahali pale pale, na maandishi yapange ndani yake. Unatumbukiza vibao, unachoma, unatoa, unatumbukiza vingine. Mashine yenye swichi za nyumbani itakuruhusu kurudi kwenye kalibu hiyo hata kesho yake, mradi kalibu haijasogezwa.

Pima vibao vyote kabla ya kukata kalibu, si kimoja. Vibao vilivyopigwa randa kwa mkono vinatofautiana milimita 1 au 2. Kata tundu kwa kile kikubwa zaidi na uongeze nusu milimita, kisha weka desturi moja: kila kibao kisukumwe kwenye kona ya chini kushoto ya tundu lake. Kikicheza, basi kinacheza upande mmoja tu. Toboa pia kijipengo cha kidole kando ya kila tundu, la sivyo utakuwa unachokoa vibao kwa kisu na kusogeza kalibu yenyewe.

Sahani na vifuniko vya duara vina ugumu wao, kwa maana havina kona ya kushika. Tafuta kitovu namna hii. Weka kona ya karatasi yenye pembe sawa juu ya ukingo wa duara. Pale pande mbili za karatasi zinapokata ukingo, weka alama mbili, uziunganishe. Mstari huo unapita katikati kabisa. Geuza karatasi mahali pengine, chora mstari wa pili. Zinapokutana ndipo kitovu. Fanya haya juu ya tepu, si juu ya mbao.

STIMA IKIPOTEA KATIKATI

Kompyuta ya mkono ina betri yake, lakini mashine haina. Stima ikipotea jina likiwa limechomwa nusu, kichwa kinasimama na hesabu inafutika. Ushauri wa kwanza: usiguse mbao. Wacha ilale hapo hapo hata kama ni mpaka asubuhi, na mwambie kila mtu asiiguse.

Mwenye mashine ya swichi aliyetumia Absolute Coords ana nafuu. Stima ikirudi, aitume mashine nyumbani, afute kwenye mchoro mistari iliyokwisha kuchomwa, aendelee na iliyobaki. Asiye na swichi anahitaji kuwa alijiandaa mapema: kabla ya kuanza kazi, piga nukta moja kwenye tepu pale sifuri yako ilipo. Ukiwa na nukta hiyo unaweza kukirudisha kichwa hapo baadaye, ukijaribu nukta juu ya nukta mpaka zikutane, na ukaanza kuhesabu upya kutoka hapo. Usahihi utakuwa kama nusu milimita. Kwa maandishi makubwa haitaonekana. Kwa picha ya uso wa mtu itaonekana kama mkwaruzo, kwa hiyo picha za namna hiyo zichomwe wakati stima haina mazoea ya kupotea, ama mashine iunganishwe kwenye betri ya akiba inayomudu watu wote wawili, mashine na kompyuta.

Na wakati wote kazi inapoendelea, mtu akae pale. Mbao kavu na katoni vinashika moto, na mwanga ule ukisimama mahali pamoja kwa sababu mkanda umekwama hautasubiri umalize chai. Weka ndoo ya mchanga au kizima-moto karibu, na mkono mmoja usiwe mbali na swichi ya ukutani.